Siku mdogo wangu alipovalishwa kofia ya taa hapa Goma, na mistari kwenye mashine ikakataa kusogea

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Kabla sijasema lolote, nitaje kwanza watu waliokuwa ndani ya chumba siku ile. Wote wako hai, na yeyote kati yao akipita humu anaweza kunisahihisha.

Nilikuwepo mimi, Bahati.

Alikuwepo mdogo wangu Riziki, wakati ule msichana wa miaka kumi na minne. Habari hii ni yake. Ameniruhusu kuiandika. Alisoma mwanzo, akarudisha simu, akasema, "Andika, lakini usinifanye nionekane mutakatifu."

Alikuwepo Mama Kavira, mwenye nyumba tunayopanga, mama wa Butembo anayeuza maharagwe. Alisema hawezi kuacha watoto wawili waende kufungwa waya kichwani bila mtu mzima. Mmoja wa hao watoto wawili ni mimi, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Alikuwepo Docteur Masika, mwanasaikolojia, ndiye mwenye utafiti.

Na Bosco, fundi wa mashine, kijana wa Masisi ambaye mdomo wake haujui kupumzika.

Watu watano, chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa kitambaa cheusi. Sitaongeza chumvi. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Wale wa Dar na Mombasa mnivumilie kwa Kiswahili changu. Niliachia shule mwaka wa pili wa sekondari, na hiki ndicho tunachoongea huku.

Sasa nirudi nyuma kidogo, bila hivyo hamtaelewa kwa nini kofia ilikuwa jambo kubwa kwangu.

Sisi ni watu wa Kalengera, kule Rutshuru. Baba alikufa kwa ugonjwa Riziki akiwa bado anatambaa. Tukabaki na Mama.

Asubuhi ile tuliyokimbia, Mama alikuwa ameketi mlangoni anamsuka Riziki. Upande wa kulia alikuwa ameshamaliza. Upande wa kushoto alikuwa hajagusa. Ndipo risasi zikaanza, na si za mbali.

Tulitoka na mfuko mmoja na godoro jembamba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Riziki mitano. Barabara yote ilikuwa watu, mbuzi, pikipiki, masufuria. Mahali fulani njiani, penye mikaratusi, Mama alinishikisha mkono wa Riziki akaniambia, "Tangulieni, nakuja."

Hakuja.

Riziki aliponiuliza Mama yuko wapi, nilimwambia, "Anakuja kukumalizia nywele."

Huo ndio uongo wangu, wakuu. Nimeubeba miaka tisa. Nilijua wakati nausema kwamba ni uongo.

Tulifika kambini Kibati. Mtoto akawa anakaa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Hakukubali mtu amguse. Kina mama wa mahema ya jirani walijaribu kwa upole, kwa biskuti, kwa kumtisha, akakataa. Karibu mwezi mzima. Alikuwa anamsubiri Mama amalizie.

Mwishowe chawa wakaingia, na mama mmoja wa zahanati akasema kichwa kinyolewe. Nikaona Riziki anashika ule upande wa kulia kwa mikono miwili. Hakulia. Alishika tu.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nikaongeza uongo wa pili. Nikamwambia, "Mama aliniambia nikumalizie mimi."

Akaja akaketi kati ya magoti yangu, nikamchambua chawa mmoja mmoja, na wembe haukuhitajika tena.

Sikuwa nimewahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Nilisuka upande ule wa kushoto kwa muda wa misa mbili, ukawa kama shamba lililolimwa na mlevi. Kina mama walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alisema, "Mwanaume anasuka! Kesho ataomba apewe mutoto mugongoni." Lakini huyohuyo ndiye aliyekuja jioni kunionyesha namna ya kugawa nywele kwa mpini wa kitana ili njia ziwe nyoofu.

Ndivyo nilivyojifunza. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumsuka Riziki. Kazi yangu ni chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nashusha viazi kutoka juu kule Kibati mpaka sokoni Goma. Mikono yangu ni migumu kama kwato. Lakini njia zangu kichwani, wakuu, hata wasusi wa mtaa wa Birere wanauliza nani kasuka.

Tatizo lilikuwa jingine.

Tangu siku ile ya barabarani, uso wa Riziki ulifunga. Anaongea, anakula, darasani anashika nafasi za mbele. Lakini hacheki na halii. Ukimpa nguo mpya anasema "aksanti" kama anayepokea kibali ofisini. Alipoanguka akachanika goti kwenye mawe ya volkano, alinyoosha mguu nimwoshe, akaangalia upande mwingine.

Nilizoea. Unamzoea mtu wako jinsi alivyo.

Halafu rafiki yake wa darasani akafa kwa malaria. Darasa zima lilienda msibani. Wasichana walilia mpaka wakashikiliwa. Riziki alisimama pale mbele ya jeneza na uso ule ule. Mama wa marehemu akamwona. Akasema mbele ya watu wote, "Na uyu? Uyu mutoto iko na moyo ya jiwe. Mumutoshe hapa."

Wakamtoa.

Kuanzia pale hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Wengine wakasema ana pepo. Juma la pili akaniambia, akiwa anachambua maharagwe ya Mama Kavira, bila kuinua kichwa: "Sirudi shule."

Mimi niliacha shule ili yeye asome. Hilo sikumwambia, analijua. Lakini kilichoniuma si shule peke yake. Nilianza kujiuliza kama yule mama alisema kweli. Kama ndani ya mdogo wangu kulikuwa na kitu kimezimika, na aliyekizima ni mimi, kwa ule uongo wa nywele.

Hapo ndipo Docteur Masika alipofika shuleni kutafuta vijana waliopitia vita. Mwalimu akamtaja Riziki, tena akamtaja kwa jina baya: "ule wa uso mukavu."

Docteur alikuja mpaka nyumbani kwetu. Aliketi kwenye kiti kifupi, akakataa kile kizuri. Akaeleza.

Alisema anachunguza hisia. Anataka kujua kijana aliyepitia mambo makubwa, anaposikia sauti ya mtu wake, sehemu ya mbele ya ubongo inafanya kazi namna gani, hata kama usoni hakuonekani kitu. Kuna mashine kubwa za kupiga picha ubongo, mtu analazwa ndani ya shimo kama mkate unavyoingizwa kwenye tanuri, lakini hizo huku hatuna, na mtoto aliyewahi kujificha shimoni huwezi kumlaza mle. Yeye anatumia kofia yenye taa ndogo. Inabebwa kwenye mfuko, mtu anakaa kitini, basi.

Mama Kavira akauliza, "Taa inaingia kichwani? Kichwa si mfupa?"

Docteur akachukua simu yake, akawasha tochi, akaibana na vidole vyake. Vidole vikawa vyekundu, unaona mwanga umepita nyama. "Ni vile," akasema. "Mwanga fulani unapita ngozi na mfupa kidogo, unakutana na damu, unarudi. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu inaongezeka pale, na mwanga unaorudi unabadilika. Mashine inahesabu ule mwanga. Haimuchomi, haimuumizi."

"Na inasoma mawazo?" nikauliza.

"Hapana, Bahati. Haisomi mawazo. Hata kidogo."

Nilisikia. Lakini wakuu, mtu mwenye shida husikia anachotaka. Mimi nilisikia kwamba kuna mashine inayoona ndani ya kichwa cha Riziki. Nikajiambia, nitaona mwenyewe kama kuna kitu.

Riziki aliulizwa peke yake, mimi nikatolewa nje. Akakubali. Aliambiwa akichoka ainue mkono na kila kitu kitasimama.

Siku chache kabla, Bosco aliniita kurekodi sauti. Dakika moja. "Ongea tu vile unaongeaga naye nyumbani," akasema.

Nikakaa mbele ya kile kinasa sauti, maneno yakakauka. Naongeaga nini na Riziki? Kula, oga, daftari iko wapi. Bosco akachoka. Akaniuliza, "Saa gani munakaaga pamoja sana?"

Nikasema saa ya kumsuka.

"Basi musuke pale hewani, ongea."

Nikainua mikono kama mjinga, nikasuka hewa, nikaongea. Bosco alicheka peke yake kimya kimya lakini alirekodi.

Sasa kosa langu. Nililitenda nikijivunia kabisa.

Huku kwetu, ukimpeleka mtoto mahali pa heshima, misa ya komunyo, picha, hospitali kubwa, unamsuka kwanza. Hutaki waseme huyu hana mtu. Hasa yatima. Kichwa cha yatima ndicho watu wanakiangalia kwanza.

Kwa hiyo nilipumzisha chukudu siku mbili nzima. Nilinunua mèche, zile nywele za kuongezea, nyeusi nzito. Nikamsuka misuko minene inayopanda kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini, imekaza, imepakwa mafuta, inang'aa. Mama Kavira alizunguka kile kichwa mara mbili kama anayenunua ng'ombe. Akasema, "Sasa uyu hata askofu atasimama."

Tukaenda.

Bosco aliposhika ile kofia na kumwona Riziki, alinyamaza. Nilidhani ni kwa uzuri.

Akamvalisha. Ni kofia ya kitambaa cheusi, ina vitundu vingi, kila kitundu kina taa ndogo au jicho la kupokea mwanga, waya zinashuka mgongoni. Akabonyeza, akarudi kwenye ordinateur, ile kompyuta yao. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakuna aliyeniambia nisiangalie, bado walikuwa wanajaribu tu.

Kwenye screen kulikuwa na mistari mingi, mmoja juu ya mwingine. Yote imelala. Hapa na pale mmoja unatetemeka ovyo, halafu unalala tena.

Bosco akakaza kofia. Akabonyeza tena. Mistari ikalala vilevile.

"Docteur," akasema, "hapa hakuna kitu kabisa."

Wakuu, sijui nielezeje. Niliiangalia ile mistari, nikaangalia uso wa Riziki, nikaona vinafanana. Nikasema moyoni, basi, ni kweli. Yule mama wa msibani aliona kabla ya mashine.

Nilienda nikashika ukuta. Mama Kavira akaniona. "Bahati, uko namna gani? Umekuwa kama majivu."

Nikasema, tena kwa sauti kubwa, mbele ya Riziki mwenyewe, jambo ambalo najuta mpaka sasa: "Hakuna kitu ndani yake. Si mumeona? Imezimika."

Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Hata Bosco.

Docteur Masika akaja mpaka pale nilipo. Hakunigombeza. Akanishika mkono akanirudisha kwenye kofia, akachukua tochi yake ndogo, akaiweka juu ya msuko mmoja wa Riziki. "Angalia. Mwanga unapita?"

Haukupita. Msuko ulikuwa mnene, mweusi, mwanga ulikufa juu juu.

"Mashine haijaona ubongo wa mutu hapa," akasema. "Imeona nywele tu. Nywele zako nzuri, Bahati. Mwanga haufikie hata ngozi."

Bosco akaongeza, "Hizi kofia zilitengenezwa na batu ya nywele laini, kaka. Unasogeza na kidole, basi. Sisi huku tunapata taabu."

Nikauliza sasa mnafanyaje.

Docteur akasema ukweli: mara nyingi hawafanyi kitu. Msichana akija na nywele nyingi zilizosukwa, wanamshukuru, wanamwandikia kwamba signal haikupatikana, anarudi nyumbani. Hawezi kumwambia mtoto avunje nywele alizosukwa na mama yake. Wengi walikuwa wameshatolewa kwenye orodha kwa namna hiyo.

Nikafikiria Riziki anarudi nyumbani, ameandikwa kwamba hakuna kilichopatikana.

Nikasema, "Navunja."

"Kazi ya siku mbili?" Mama Kavira akapiga kelele.

Nikamuuliza Riziki. Alitoka kwenye kiti, akaketi chini kwenye saruji, akasubiri magoti yangu.

Tulivunja misuko tukiwa watu wanne. Mimi nyuma, Mama Kavira kulia, Docteur kushoto, na koti lake jeupe amelitupa kitini. Bosco akapewa ncha za chini.

"We Bosco," Mama Kavira akamwambia, "vuta polepole. Hapa si mukia ya ng'ombe ya kwenu."

"Mama, ng'ombe hasukwi."

"Njo maana unavuta hivyo. Hujawahi kushika kichwa ya mwanamuke."

"Nitashika lini na mutoto wako Kahindo umemuficha?"

"Kahindo anasoma! Vuta mèche, acha Kahindo."

Docteur alicheka mpaka akaangusha kitana. Na hapo, wakuu, niliona mabega ya Riziki yanatikisika kidogo. Uso sikuuona, nilikuwa nyuma. Lakini mabega nayajua.

Tulipomaliza nikamwambia Bosco anionyeshe kofia inagusa wapi. Akanionyesha vitundu. Nikachukua kitana, nikatumia mpini kugawa njia, kama ninavyogawa kabla ya kusuka, lakini sasa njia ndogo moja kwa kila taa. Kila nilipofungua njia, ngozi ikionekana, Bosco anatia taa, mimi nashikilia nywele pembeni kwa kibanio. Taa moja, njia moja. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyelalamika.

Bosco akarudi kwenye ordinateur.

Mstari wa kwanza ukaamka.

Ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Vilima vidogo vinavyofanana, vimepangana. Wa pili ukafuata, wa tatu, kisha karibu yote.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Moyo," akasema Bosco, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Damu ikipigwa na moyo, mwanga unaiona. Tukiona hivi njo tunajua taa zimekaa vizuri. Ni moyo ya uyu mutoto, kaka. Iko inapiga."

Mama Kavira akafanya ishara ya msalaba.

Mimi niliangalia vile vilima vya moyo wa mdogo wangu mpaka Docteur akaniomba nikae kiti cha mbali. Sheria yao, ndugu haruhusiwi kuona screen jaribio likianza. Nikakaa.

Riziki akawekewa visikilizio. Akasikiliza sauti ya mtu asiyemjua, kisha kimya, kisha yangu, kisha kimya, wakirudia kwa kuchanganya. Mimi sikusikia kitu. Nilimwangalia uso dakika zote zile.

Uso haukusogea. Wala mkono hakuinua.

Walipomvua kofia nilimfuata Docteur kwenye korido. "Niambie. Kuna nini ndani?"

Akavua miwani. "Sijui, Bahati."

"Si umeona mistari?"

"Nimeona. Lakini mistari ya mutu mumoja, siku moja, haiwezi kuniambia anasikia nini moyoni. Nitaiweka pamoja na ya wengine wengi, halafu miezi ipite, halafu labda nitasema neno moja juu ya wote. Juu ya Riziki peke yake nikikuambia kitu, nitakuwa nakudanganya."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia, "Sasa nani ataniambia?"

Akavaa miwani tena. "Ulishamuuliza yeye?"

Wakuu, miaka tisa nilimlisha, nilimvisha, nilimsuka. Kumuuliza, sikuwahi hata mara moja.

Tulirudi nyumbani mchana, Riziki kafunga kichwa kwa foulard ya Mama Kavira. Mvua ilikuwa imepita, mawe meusi ya uani yanatoa mvuke kwa jua. Nikatandika mkeka mlangoni, nikachukua kitana. Akaja akaketi kama kawaida, mgongo wake kwangu. Nafikiri ilisaidia kwamba hatukuwa tunaonana.

Nilianza kwa woga. "Kofia iliuma?"

"Hapana. Ilibana kidogo."

"Ulisikia sauti yangu?"

Nikagawa njia ya kwanza, ya pili.

"Sauti ilikuwa yako," akasema. "Maneno yalikuwa ya Mama."

Nikamwambia hapana, nilirekodi mwenyewe, Bosco ni shahidi.

Akarudia nilichosema kwenye kinasa sauti, taratibu, bila kukosea neno: "Kaa muzuri. Inamisha kichwa kidogo, mwana wangu. Usitingizike, karibu nimalize."

Mwana wangu.

Kaka hamwiti mdogo wake mwana wangu. Sikuwa najua kama nasema hivyo. Inaelekea nimekuwa nikisema hivyo kila ninapomsuka tangu Kibati, na yeye amekuwa akisikia kila mara, akinyamaza.

Mikono yangu ilisimama. Nikamwambia, "Riziki, ile siku nilikudanganya. Nilipokuambia Mama anakuja kumalizia."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Ulikuwa na miaka mitano."

"Bahati, ulikuwa unasema Mama anakuja, na ulikuwa unalia. Njia yote mpaka Kibati ulikuwa unalia, na mufuko kichwani, na mimi unanivuta." Alikuwa anaongea na mawe ya uani. "Nikaona nikilia na mimi, utaketi chini. Na ukiketi, tutabaki pale. Basi sikulia."

Nikafungua njia nyingine, nikaikosea, nikaifungua tena.

"Halafu kisha?" nikauliza baadaye.

"Kisha nikazoea. Hata nikitaka, uso haufunguke."

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima na kitana mkononi. Yeye hakulia. Aliinua mkono nyuma, bila kugeuka, akautafuta mkono wangu na kuurudisha juu ya kichwa chake. Akasema, "Suka."

Na juu ya nilichosema asubuhi mbele ya watu, kwamba imezimika, nilimwomba msamaha pale pale. Akasema, "Ni nywele zako zilikudanganya." Huo ndio utani wa kwanza niliousikia kutoka kwake. Sikujua hata kama anajua kutania.

Tulipofika upande wa kushoto akaniuliza. "Nieleze ile siku. Yote. Mimi nakumbuka mikono ya Mama na risasi, basi."

Nikaanza. Nikamweleza kiti cha Mama, wimbo aliokuwa anaimba chini chini, mfuko, godoro, mbuzi wa jirani aliyetufuata mpaka barabarani. Nikafika pale kwenye mikaratusi Mama aliponishikisha mkono wa Riziki akasema tangulieni.

Baada ya hapo niligeuka nyuma mara moja. Nilichokiona nilipogeuka, sijawahi kumwambia mtu.

Nikajaribu. Nikaishia kuchana njia ileile mara tatu.

Riziki akasubiri. Kisha akasema, "Basi kwa leo. Utamalizia." Akagusa nyuma ya sikio la kushoto. "Hapa acha msuko mumoja. Usiusuke. Ni ya siku utakayomalizia."

Jumatatu alirudi shule. Wasichana hawakumkimbilia, msidhani maisha ni rahisi hivyo. Lakini aliketi. Siku moja alikwenda peke yake kwa mama wa yule marehemu, sijui waliongea nini, alirudi na daftari la rafiki yake.

Docteur aliniita tena, nikawagawia njia wale wasichana waliokuwa wametolewa kwenye orodha. Bosco ananiita ingénieur wa nywele. Mwishoni alishajifunza, akawa ananyoosha njia kuliko hata mimi, na Mama Kavira bado hajamwonyesha Kahindo. Majibu ya utafiti bado. Docteur anasema akipata atakuja kutueleza kwa mdomo wake, na mimi nitamsikiliza kwa masikio ya kawaida safari hii.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilitaka mashine inifanyie kazi ambayo ilikuwa yangu. Mtoto aliyekaa kati ya magoti yangu miaka tisa, nilitaka waya ziniambie habari zake. Kama una ndugu wa namna hiyo, mwenye uso uliofunga, usimwite jiwe. Inawezekana aliufunga kwa ajili yako.

Naomba wale mliowahi kuwaeleza wadogo zenu jambo zito mliloliona, mniandikie hapa chini mlianzaje. Sitaki pole. Nataka kujua neno la kwanza lilikuwa lipi. Wataalamu wa saikolojia mliomo humu nanyi msipite kimya. Na wale wa kucheka mwanaume msusi, chekeni tu, kina mama wa Kibati waliwatangulia.

Kila Jumamosi namsuka. Mitindo inabadilika, ameanza kuchagua mwenyewe. Lakini nyuma ya sikio la kushoto kuna fungu moja la nywele ambalo nikilifikia anainamisha kichwa na kungoja. Nami nalichana, nalipaka mafuta, nalilaza vizuri.

Bado sijalisuka.